Haja ni moja, sarufi ni mia

Kuna kauli naisikia sana huku Kigoma na kila nikiisikia inanikera: eti kilugha hakina grama. Yaani Kiingereza kina grama, Kifaransa kina grama, Kiswahili nacho kina sarufi yake ya vitabuni, ila Kiha, Kibembe, Kinyamwezi, hizo ni lugha za kuongelea nyumbani tu, hazina kanuni. Na wanaosema hivyo sio watoto, ni watu wazima na vyeti vyao, wengine wanamwambia mtoto hayo maneno mbele ya bibi yake ambaye ameishi maisha yake yote ndani ya Kiha. Mimi sijasomea isimu chuoni, ila hili jambo nalisoma kwa mapenzi, mtandaoni na kwenye vitabu ninavyovipata, alafu kazi yangu inanikutanisha nalo kila siku, kwa hiyo leo naandika lote lililoko moyoni.

Kazi yenyewe ni steshenari, maeneo ya Mwanga. Tunatoa kopi, tunafanya leminesheni, tunajaza fomu za mtandaoni, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kuwaandikia watu: barua ya kuomba kazi, barua ya kikundi kwenda halmashauri, maelezo ya mtu aliyepotelewa na kitambulisho. Mtu anakaa kwenye benchi anaongea, mimi nachapa. Na hii ni Kigoma bwana, mwisho wa reli, Burundi iko hapo juu tu na Kongo iko ng'ambo ya ziwa, sasa kwenye lile benchi anakaa Mha wa Kasulu, Mmanyema wa Ujiji, Mrundi, Mbembe, Mnyamwezi aliyeshuka na treni kutoka Tabora, wote wanaongea na mimi Kiswahili lakini Kiswahili cha kila mmoja kina lugha ya kwao ndani yake.

Ukichapa maneno ya watu namna hiyo muda mrefu unaanza kuona kwamba shida zao za kusema ni zile zile. Kila mtu anataka nijue nani kamfanyia nini nani, lini, kama aliona kwa macho yake au kaambiwa, kama hilo jambo ni mazoea au lilitokea mara moja, na hao anaowaita "sisi" ni akina nani. Hakuna kabila duniani ambalo watu wake hawana haja hizo. Kinachotofautiana ni wapi lugha imeliweka jibu. Nyingine imelitia ndani ya kitenzi, nyingine kwenye mpangilio wa maneno, nyingine kwenye sauti kupanda na kushuka, na nyingine imeliacha huru kabisa, ukitaka sema, usipotaka nyamaza.

Kuna mwanaisimu mmoja mkubwa, Roman Jakobson, mzaliwa wa Urusi aliyeishia Marekani, mwaka 1959 aliliweka vizuri sana: lugha hazitofautiani hasa katika yale zinazoweza kuyasema, zinatofautiana katika yale zinayokulazimisha kuyasema. Hii hoja ikikuingia vizuri huwezi tena kumwambia mtu lugha yake ni maskini. Kiswahili hakinilazimishi kusema kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke, "amekuja" inatosha, Kiingereza kinalazimisha. Kiswahili kinanilazimisha kusema kama ninachokiongelea ni cha ngeli gani, Kiingereza hakina habari na hilo. Hakuna aliyepungukiwa hapo.

Tuanze na hiyo ya nani kamfanya nini nani maana ndo haja ya kwanza kabisa. Kiingereza kinategemea foleni ya maneno, aliyetangulia ndo mtendaji, ukibadilisha foleni umebadilisha kesi. Kilatini cha Warumi kilibandika alama mwishoni mwa jina, kwa hiyo canis puerum mordet na puerum canis mordet zote ni mbwa anamng'ata mtoto, haijalishi nani katangulia, ile -um ndo inakuambia mtoto ndo aliyeumia. Sisi Wabantu tumeiweka kwenye kitenzi. Nikisema "mkate kisu kimeukata" utaona mpangilio ni wa ajabu kidogo ila hupotei, ki- ni kisu na -u- ni mkate, mambo yameisha. Watu wanaolalamika ngeli ni mzigo hawajaona kazi inayofanyika hapo: ngeli ndo zinazobeba kumbukumbu ya nani ni nani kwenye sentensi, ndo maana Mswahili anaweza kuongea dakika nzima bila kurudia jina hata moja na bado unajua ni gari lililokwama au ni mzigo ulioanguka. Ila wakikutana viumbe hai wawili, mbwa na mtoto, wote ni a- na -m-, ngeli zinatuishia mkononi, inabidi na sisi turudi kwenye foleni kama Waingereza: "mbwa amemng'ata mtoto". Hiyo inanifurahisha sana, lugha moja ina njia mbili mfukoni na inatoa ile inayohitajika.

Alafu kuna hii ambayo nadhani wengi wetu tunaitumia tangu utoto bila kuiona. Mteja akiingia namuuliza "umeleta cheti?" kama hatujawahi kuongea, cheti chochote kile. Ila kama jana tulishaelewana kuhusu cheti cha kuzaliwa cha mwanae, namuuliza "umekileta cheti?" Ile -ki- inasema ni kile tunachokijua mimi na wewe. Waingereza kazi hiyo wanaifanya kwa vineno vyao vidogo the na a mbele ya jina, na shuleni tuliambiwa Kiswahili hakina vitu hivyo, tukaachwa hivyo hivyo kana kwamba Mswahili hana namna ya kutofautisha kitabu fulani na kitabu chochote. Anayo! Imekaa tu sehemu nyingine. Na Kituruki, ambacho hakina undugu wowote na sisi, kina jambo linalofanana na hili kabisa: kitap aldım ni nimenunua kitabu, kitabı aldım ni nimekinunua kitabu, kile unachokijua. Wao wanaweka alama kwenye jina, sisi kwenye kitenzi, haja ni ile ile. Na utamu hauishii hapo, maana kwetu ukiongelea mtu hiyo alama karibu ni lazima, huwezi kusema "nimeona mama" ukaeleweka kama mtu mzima, ni "nimemwona mama". Nenda Kihispania: kutafuta kitabu ni busco un libro, kumtafuta mama yako ni busco a mi madre, hiyo a imeingia kwa sababu mama ni mtu. Waturuki, Wahispania na sisi, hatujawahi kukaa kikao kimoja, ila wote tumeona kwamba kinachotendewa kikiwa ni mtu, au kikiwa ni kitu kinachojulikana, kinastahili kutambulishwa kwa namna yake.

Sasa twende kwenye muda, maana hapa ndo benchi langu linapochangamka. Kiswahili kina -li- moja tu. Alikufa Mtume ni -li-, alikunywa chai saa hizi asubuhi ni -li-. Kirundi sio hivyo, kina wakati uliopita wa karibu, mambo ya leo, na uliopita wa mbali, kuanzia jana kurudi nyuma, na ukiziandika kwa herufi za kawaida zinafanana, -a- hii na -a- ile, tofauti iko kwenye sauti, moja imetulia chini na nyingine imepanda. Kihaya kule Kagera ndo kimekwenda mbali zaidi, kina tatu: ya leo, ya jana, na ya kabla ya jana. Sasa mtu wa Kirundi akikaa pale akaniambia kwa Kiswahili "alinipigia simu akaniambia nije" mimi mwandishi lazima nimkatishe nimuulize lini, na wengine naona kabisa wanashangaa kidogo, kwa sababu kwenye lugha yake kitenzi chenyewe kingeshanijibu, amezoea kwamba ukishasema kitu kimetokea na siku umeshaisema humo humo. Akiongea Kiswahili kile kifaa hakipo, inabidi aongeze "leo asubuhi" au "juzi". Na Kichina cha Mandarin nacho hakina kabisa alama ya wakati kwenye kitenzi, wana alama za kuonyesha jambo limekamilika au linaendelea, siku na saa wanazitaja kwa maneno, na sidhani kuna mtu atasema Wachina hawajui jana na kesho.

Nikiwaambia watu kwamba sauti ya juu na ya chini ni sarufi kamili wengi wanacheka. Ila fikiria mtoto wa Kirundi wa miaka mitatu anaijua hiyo tofauti na hakuna aliyemfundisha ubaoni, na profesa akija kuiandika inamtoa jasho. Hiyo ndo grama ya kilugha ambayo tunaambiwa haipo. Tatizo ni kwamba haionekani kwenye maandishi, na sisi tumelelewa kuamini kwamba kisichoandikwa hakipo.

Haja nyingine, na hii nina mapenzi nayo ya kipekee: umejuaje? Kwenye maelezo ya kupeleka polisi hili ndo swali kubwa kuliko yote, uliona au ulisikia. Kwenye Kiswahili ukisema "Liemba imefika" umesema tu imefika, ulivyojua ni siri yako. Kwa wasioijua, Liemba ni ile meli yetu ya ziwani iliyojengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa vipande vipande ikaunganishwa hapa hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Enzi inapiga safari habari ya kufika kwake ilikuwa inazunguka mji mzima kabla abiria hawajashuka. Sasa kuna lugha inaitwa Kituyuka, ya watu wachache sana wa mpakani mwa Kolombia na Brazili, huko msitu wa Amazon, ambayo huwezi kusema tu "imefika". Kitenzi lazima kibebe alama ya ulivyojua na alama ziko tano. Kama uliiona inaingia bandarini, alama yake. Kama hukuiona ila ulisikia honi, alama nyingine. Kama hukuona wala kusikia ila unaona watu wanapanda kutoka bandarini na mizigo kichwani ukajua, nyingine. Kama umeambiwa na mtu, nyingine. Na kama unajua tu kwamba leo ndo siku yake ya kufika, nyingine tena. Hebu fikiria maelezo ya polisi yakichukuliwa kwa lugha hiyo, shahidi hawezi kufungua mdomo bila kutaja chanzo!

Kikechua cha milima ya Andes nacho kina mambo hayo, na Kituruki kinayo kwa kiasi: geldi ni amekuja na nina hakika, gelmiş ni amekuja, nasikia, au naona dalili. Mturuki akiamka asubuhi akakuta ardhi imelowa anasema yağmur yağmış, na hapo Kiswahili kinajibu bila kusita: "kumbe mvua ilinyesha!" Maana na sisi tunavyo vifaa vyetu, tunavyo vingi sana, kumbe, eti, ati, nasikia, inasemekana, wanasema, kila kimoja na ladha yake. "Nasikia kahamia Tabora" na "eti kahamia Tabora" sio kitu kimoja, ya pili ina shaka ndani yake au hata kejeli. Ila Kiswahili hakijavifanya lazima. Mtu mwongo anaweza kuviacha na sentensi ikabaki nzuri tu. Nikiwa nachukua maelezo ya mtu huwa navisikiliza hivyo vineno kwa makini kuliko vitenzi, na mtu akisema "eti" naichapa, siifuti hata kama wenzangu wanaona ni neno la mtaani, kwa sababu ile eti ndo ushahidi kwamba hakuwepo.

Ya kusema bado hajafanya nitaipita haraka ingawa naipenda. Mtu wa miaka hamsini hajaoa, ukimuuliza anasema "sijaoa", na hiyo -ja- imeacha mlango wazi, haisemi kwamba hataoa. Kirundi vile vile, ntaraza ni hajaja bado. Na Kiindonesia, mbali huko, wana belum ya bado na tidak ya hapana, na ukiulizwa umeoa jibu la adabu ni belum. Na ya heshima pia fupi: Mnyamwezi akikuamkia asubuhi "mwangaluka" ile mwa- ni ile ile ya nyinyi, umekuwa wengi kwa sababu anakuheshimu, na Mfaransa na vous yake anafanya hesabu hiyo hiyo. Sisi Waswahili hatumfanyi mtu kuwa wengi, tuna shikamoo na tuna baba, mama, shangazi, mjomba, dada, kaka, kwa hiyo heshima yetu iko kwenye majina ya undugu zaidi kuliko kwenye kitenzi.

Hii ya "sisi" ndo nataka nikae nayo kidogo kwa sababu inanipeleka ninapotaka kwenda. Wanakikundi wakija kuandika barua kwenda halmashauri wanasema "tunaomba tukae tuzungumze" na mimi nauliza, mkae nyinyi wenyewe au na wao? Kiswahili kina tu- moja. Kimalei na Kiindonesia wana mbili, kita ni sisi pamoja na wewe ninayekuambia, kami ni sisi bila wewe. Kitagalogi cha Ufilipino pia, tayo na kami. Sisi tunazunguka kwa "sisi na nyinyi", "sote kwa pamoja", "sisi wenyewe", na tuna ile "twende" ya kumwambia mtu mmoja na "twendeni" ya kuwaambia wengi ambayo ni ya kwetu na ni nzuri sana. Ila kilichonigusa zaidi ni Kitokipisini cha Papua New Guinea. Hiyo ni lugha iliyozaliwa kwa watu kuchanganyika kwenye mashamba na kazi za ukoloni, maneno yake mengi yametoka Kiingereza, na Kiingereza hakina tofauti ya sisi na wewe na sisi bila wewe. Lakini wale wafanyakazi lugha zao za nyumbani nyingi zilikuwa nayo, waliihitaji, hawakuvumilia kuikosa. Wakachukua you na me ya mzungu wakaziunganisha: yumi, sisi na wewe. Na sisi bila wewe wakaiita mipela. Walichukua maneno ya tajiri wao wakajengea tofauti ambayo tajiri mwenyewe hana.

Sasa naomba msomaji wa Tabora na Kigoma na Shinyanga na Mwanza anisikilize vizuri, maana sisi tumefanya jambo hilo hilo kabisa na tumekuwa tukichapwa kwa ajili yake. Naongelea -ga. Anakujaga. Nakulaga. Alikuwaga. Siendagi.

Kiswahili sanifu haja ya mazoea inaitimiza kwa hu-. "Yeye huja asubuhi." Safi. Ila iangalie hiyo hu- kwa karibu uone mipaka yake. Kwanza inameza nafsi, mimi huja, wewe huja, wao huja, kitenzi hakisemi tena ni nani mpaka umtaje. Pili haiwezi kwenda wakati uliopita, huwezi kusema alihuja, inabidi uzunguke "alikuwa akija". Tatu haiwezi kukanushwa yenyewe, hakuna sihuji, ukisema "haendi kanisani" msikilizaji hajui kama leo haendi au sio mtu wa kanisa kabisa, na ukitaka kulinyoosha unaongeza huwa, "huwa haendi". Sasa mtu ambaye lugha yake ya nyumbani ina alama ya mazoea ambayo inakaa kwenye kitenzi chochote, wakati wowote, anafika kwenye Kiswahili anakuta hu- yenye masharti yote hayo. Atafanya nini? Atafanya kama yule wa yumi. Atakuja na kifaa chake.

Na kifaa chenyewe sio cha jana. Wasukuma na Wanyamwezi wana -aga yao, Kirundi na Kinyarwanda kina -aga ya jambo lililokuwa linaendelea zamani, yakoraga, alikuwa akifanya. Wanaisimu wanaolinganisha lugha za Kibantu, mmojawapo yule Mbelgiji Meeussen katika kazi yake ya mwaka 1967, wamefika hadi kuirudisha kwa mababu, -ag- ilikuwepo kwenye lugha mama ya Kibantu kabla Kiswahili hakijaitwa Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa Tabora akisema "babu anakujaga" hajaharibu kitu, kaweka kwenye Kiswahili kitu cha ukoo ambacho lugha ya pwani ilikuwa imekiacha njiani.

Na kanuni yake ni kali kuliko tunavyofikiri. Sikiliza: anakuja, anakujaga. Anaenda, anaendaga. Alipigwa, alipigwaga. Ukikanusha: haendi, haendagi. Hasomi, hasomagi. Umeona? Hakuna mtu anayesema haendiga. Wote tunajua, bila kuambiwa, kwamba -ag- inaingia kabla ya ile irabu ya mwisho, na irabu ya mwisho inabaki kufanya kazi yake, a kwenye kukubali na i kwenye kukataa. Hakuna kitabu cha shule kilichotufundisha hilo na hakuna mwalimu aliyetusahihisha tukikosea, kwa sababu hatukosei. Dereva wa bodaboda wa Gungu na muuza dagaa wa Kibirizi wanaifuata kanuni hiyo sawasawa kila mara wakifungua mdomo. Mtu anayesema hii ni lugha ya ovyo isiyo na grama, aniletee kanuni ya hu- iliyonyooka kiasi hicho.

Angalia sasa upande wa pili wa ziwa. Kiswahili ni Ujiji hapa kilipopita kuvuka kwenda Manyema karne ya 19, kwenye misafara ya biashara, na kule Kongo kikakaa na lugha zingine kikawa Kingwana na baadaye Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira, cha Lubumbashi. Wakongomani wanaokuja kwenye steshenari yetu hawasemi -ga. Wanasema -ka: "tulikuwaka", "anafanyaka". Na Kilingala kina hiyo hiyo, nalobaka, naongeaga. Ni kitu kile kile, -ag- na -ak- ni ndugu wa tumbo moja, umbo limebadilika kidogo tu. Kwa hiyo Kiswahili kilipotoka pwani, ambako watu walitosheka na hu-, kikaingia bara kwa reli iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kabla ya hapo kwa miguu, popote kilipokutana na watu wenye -ag- yao kilivikwa -ag-, mashariki ya ziwa kwa g na magharibi kwa k, na hakuna aliyepanga. Mimi nikikaa pale dukani nasikia zote mbili asubuhi moja, Mnyamwezi anasema "nilikuwaga" na Mbembe anasema "nilikuwaka", na wanaelewana wenyewe kwa wenyewe bila hata kushtuka.

Najua kitakachosemwa: sanifu ni sanifu. Sibishi. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifu na ile kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi 1930, na tumefaidika, barua ninayochapa Kigoma inasomeka Mombasa. Mtoto anayefanya mtihani ajifunze hu- na huwa, namwambia hivyo hata mwanangu. Ninachokataa ni lile neno "makosa" likitumika kumaanisha kwamba mtu hana akili ya lugha. Kiunguja chenyewe kilikuwa lahaja ya watu fulani wa mahali fulani, na kilichowatosha wao hakikuwa na sababu ya kutosha Msukuma. Mwalimu angeweza kumwambia mwanafunzi "hii ni kanuni ya huku kwetu, na hii ni kanuni ya mtihani, hivi ndivyo zinavyolingana", na mtoto angejifunza mbili kwa mara moja, badala ya kujifunza kuona aibu. Nimewaona watu wazima kwenye benchi langu wakianza kusema "alikuwaga" wakajikata katikati, wakaniangalia, wakasema "samahani, alikuwa". Hilo la kuomba samahani linaniuma.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Barua ya kazi na barua ya ofisi naandika sanifu, bila ubishi, maana mteja amelipia barua itakayokubalika. Maelezo ambayo mtu anasimulia mwenyewe kwa maneno yake nayaacha jinsi alivyosema. Mama mmoja alikuja kuandikisha habari za mpangaji wake aliyeondoka bila kulipa, akasema: "Alikuwaga anarudi usiku, siku hizi harudagi kabisa." Alitaka nakala mbili, moja ya kwake na moja ya ofisi. Ya kwake nikaiacha. Ya ofisi nikaandika: "Alikuwa na kawaida ya kurudi usiku, lakini siku hizi huwa harudi kabisa." Nikamsomea zote mbili, akatikisa kichwa kukubali, akasema ndo hivyo hivyo, chapa. Na ni kweli ndo hivyo hivyo, mazoea yamo kwenye zote mbili, kukoma kwake kumo kwenye zote mbili, ila yangu imetumia maneno mengi zaidi kufika pale yeye alipofika kwa silabi moja.